Shajara ya mradi: supanova za siku chache na gesi iliyozitangulia

10 Januari

Mradi umeanza rasmi, kwa hiyo niandike kwanza tunachokitafuta. Swali letu ni moja: nyota kubwa hufanya nini katika miezi yake ya mwisho? Kwenye kiini chake mambo huenda mbio. Kwa nyota yenye tungamo la Jua mara 25, hesabu zinazotumiwa na wengi zinasema kaboni huungua kwa miaka mia kadhaa, neoni kwa karibu mwaka mmoja, oksijeni kwa karibu nusu mwaka, na silikoni kwa siku moja hivi. Kisha kiini kinaporomoka na nyota hulipuka; mlipuko huo ndio supanova. Yote hayo hufanyika chini ya tabaka nene za gesi, na sisi tulio nje hatuoni kitu.

Ila zipo nyota ambazo haziufikii mwisho zikiwa zimetulia. Hutapika gesi mapema, na gesi hiyo hubaki imeizunguka nyota kama ganda. Nyota ikilipuka, vipande vyake hukimbia kilomita 10,000 kwa sekunde au zaidi, hulifikia ganda, huligonga, na nguvu ya mwendo ule hugeuka mwanga. Supanova ya kawaida huchukua wiki mbili hata tatu kufika kilele chake. Hizi zinaweza kukifika kwa siku mbili au tatu, kisha zikafifia kabla darubini nyingi hazijapangiwa zamu ya kuziangalia.

Darubini yetu wenyewe hatuna. Tuna kompyuta mpakato, Python, bando la intaneti na data ambazo wenye darubini wameziweka wazi kwa kila mtu. Inatosha kuanzia.

Supanova nne za kujifunzia tumeshazichagua: KSN 2015K, SN 2006jc, SN 2021csp na SN 2023fyq. AT2018cow, iliyogunduliwa na mfumo wa darubini wa ATLAS tarehe 16 Juni 2018 na ambayo ndiyo maarufu kuliko zote za haraka, tumeiacha nje kwa makusudi. Mionzi yake ya eksi ilikuwa ikipanda na kushuka bila mpangilio, mawimbi yake ya redio yalikuwa na nguvu sana, na watafiti wengi wanaamini kulikuwa na injini katikati: shimo jeusi changa au nyota ya nyutroni yenye usumaku mkali. Sisi tunataka mwanga wa mgongano usiochanganyika na kitu kingine.

19 Januari

Leo tumefanya kipimo cha nikeli. Kila supanova itakayoingia kwenye orodha yetu itapitia mlango huu kwanza.

Supanova nyingi huwaka kwa sababu ya nikeli-56 inayopikwa ndani ya mlipuko. Nusu yake hugeuka kobalti-56 kila baada ya siku 6.1, na kobalti nayo hugeuka chuma, nusu yake kila baada ya siku 77. Joto linalotoka kwenye mageuzi hayo ndilo huifanya supanova ing'ae kwa wiki na miezi. Kwa hiyo kabla ya kusema mwanga wa supanova fulani ni wa mgongano, lazima kwanza tuoneshe kwamba nikeli haiwezi kuubeba.

KSN 2015K inafaa kabisa kwa kipimo hiki. Chombo cha Kepler, kilichorushwa kutafuta sayari, kilikuwa kikilipima eneo lile la anga kila baada ya nusu saa, mfululizo, bila mawingu wala mchana kukiingilia. Kwa hiyo mwendo wa mwanga wake unajulikana vizuri ajabu: ulipanda hadi kilele kwa siku 2.2, na ulikaa juu ya nusu ya kilele kwa siku 6.8 tu.

Hesabu ya kwanza ni ya nikeli inayohitajika. Kwenye kilele supanova hii ilifika karibu magnitudo -18.8 (kipimo cha mwangaza ambacho namba ikishuka mwanga huongezeka), yaani mwanga wa Majua bilioni 2.6 hivi. Nikeli yenye tungamo sawa na Jua zima, ikiwa na umri wa siku 2.2, hutoa mwanga wa karibu Majua bilioni 17. Ukigawanya, unahitaji nikeli ya asilimia 15 au 16 ya tungamo la Jua.

Hesabu ya pili ni ya gesi yote iliyorushwa. Mwanga uliozaliwa ndani ya gesi hautoki moja kwa moja. Hugongwa huku na kule kama mtu anayejaribu kutoka Kariakoo mkesha wa Idi, na umati ukiwa mnene zaidi anachelewa zaidi. Kilele kikija baada ya siku 2.2 tu, maana yake umati ulikuwa mdogo. Tukichukua mwendo wa kilomita 10,000 kwa sekunde na kiwango cha kawaida cha gesi kuzuia mwanga, yaani sentimita mraba 0.1 kwa gramu, tunapata gesi ya karibu asilimia 4 tu ya tungamo la Jua.

Nikeli asilimia 15 ndani ya gesi asilimia 4! Haiwezekani. Mwenzangu wa Nairobi hakuridhika, akapandisha mwendo hadi kilomita 20,000 kwa sekunde. Gesi ikaongezeka maradufu, bado haitoshi. Ili hesabu mbili zikutane ingebidi mwendo uzidi kilomita 40,000 kwa sekunde na gesi yote iwe nikeli tupu, na mlipuko wa namna hiyo haufanani na kitu chochote tulichokiona kwenye data za supanova hii. Mlango wa nikeli umefungwa, na KSN 2015K imebaki kwenye orodha.

Ninachokipenda katika kipimo hiki ni kwamba kinatoshea kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fizikia anaweza kukirudia kwa kalamu.

27 Januari

Baada ya kujua kwamba gesi iliyogongwa ilikuwepo, swali linalofuata ni lini ilitoka kwenye nyota. Tumeliita faili hili "saa ya ganda".

Wazo lake ni jepesi. Vipande vya mlipuko vinavyokwenda kilomita 10,000 kwa sekunde kwa siku 2.2 vitafika umbali wa karibu kilomita bilioni 1.9. Kama mlipuko ungetokea mahali pa Jua letu, hapo tumeshaipita Zohali na hatujafika Uranusi. Gesi iliyokuwa inasubiri kwenye umbali huo ilifikaje? Kama ilitoka kwa kilomita 100 kwa sekunde, ilihitaji siku 220. Kama ilitoka kwa kilomita 1,000 kwa sekunde, siku 22 zilitosha. Ni makadirio ya haraka, maana kupanda kwa mwanga kunategemea pia unene wa ganda lenyewe, lakini yanatupa mipaka. Timu iliyoichambua KSN 2015K, ikiongozwa na Armin Rest, ilifikia hitimisho hilohilo kwa hesabu pana zaidi: gesi ilitoka chini ya mwaka mmoja kabla ya mlipuko.

Sasa rudi kwenye ratiba niliyoiandika tarehe 10. Chini ya mwaka mmoja ni kipindi cha neoni na oksijeni. Je, ni bahati tu kwamba nyota hutapika wakati uleule ambapo kiini chake kinabadilisha kuni? Wapo wanaosema hapana. Uunguaji wa neoni na oksijeni ni mkali kiasi kwamba huichemsha gesi ya kiini, mchemko huo huzaa mawimbi, na mawimbi yakipanda hadi juu hubeba nishati ya kutosha kuirusha ngozi ya nyota. Wengine wanaelekeza kidole kwa nyota mwenza: nyota mbili zikizungukana kwa karibu, mmoja akivimba mwishoni mwa maisha yake, mwenzake humnyang'anya gesi na kuimwaga nje. Mimi naona maelezo yote mawili yatahitajika, kila moja kwa nyota zake. Kazi yetu ni kukusanya tarehe za kutapika nyingi iwezekanavyo, kwa sababu tarehe hizo ndizo zitakazoyatenganisha.

5 Februari

Siku nzima nimekaa na SN 2006jc, na bado naiona kuwa supanova muhimu kuliko zote katika suala hili.

Iligunduliwa tarehe 9 Oktoba 2006 katika galaksi ya UGC 4904 na Koichi Itagaki, Mjapani anayetafuta supanova kwa darubini zake mwenyewe. Kilichoifanya iwe ya pekee ni kwamba Itagaki huyohuyo, tarehe 20 Oktoba 2004, alikuwa amenasa mahali palepale nukta hafifu ya mwanga iliyoonekana kwa siku kama kumi kisha ikapotea. Mwangaza wake halisi ulifika karibu magnitudo -14, mdogo mno kwa supanova na mkubwa mno kwa nyota iliyotulia. Miaka miwili baadaye pakalipuka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kuiona nyota ikitapika na kisha kuiona ikifa.

Nilitaka kuona kama saa yetu ya ganda inalingana na tukio lenye tarehe inayojulikana. Darubini za angani za Swift na Chandra ziliona mionzi ya eksi ya SN 2006jc ikipanda kwa muda wa karibu miezi minne baada ya mlipuko, kisha ikashuka. Waliochambua wakasema wimbi la mshindo lilikuwa likipita kwenye ganda lililo umbali wa karibu kilomita bilioni 100, lenye gesi ya karibu asilimia 1 ya tungamo la Jua. Basi chukua miaka miwili kabla ya mlipuko, ongeza miezi minne baada yake, gawa kilomita bilioni 100 kwa muda huo. Unapata karibu kilomita 1,350 kwa sekunde. Mwendo wa gesi ya heli uliosomwa kwenye spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi zake, ambamo kila elementi huacha mistari yake) ulikuwa kilomita elfu mbili na kitu kwa sekunde, kwa hiyo tuko kwenye kiwango kilekile. Saa inafanya kazi.

Kuna jambo jingine linajitokeza hapo, nalo sitaki lipite. Ganda la 2004 liligongwa vikali miezi kadhaa baada ya mlipuko, lakini mistari ya heli ilikuwa inang'aa tangu spektra za mwanzo. Kwa hiyo ilikuwepo gesi nyingine karibu zaidi, iliyotoka baada ya 2004. Nyota ile haikutapika mara moja ikanyamaza.

14 Februari

Tumeanza kuvuta data za ATLAS. Mfumo huu ulijengwa kuwinda vimondo vinavyoweza kuigonga Dunia. Una darubini za nusu mita Hawaii, Chile na Sutherland nchini Afrika Kusini, na kwa sababu unapita anga lote mara kwa mara, umekuwa hazina ya supanova. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuipa seva yao mahali kamili angani, nayo ikapima mwanga mahali hapo kwenye kila picha ya miaka iliyopita, hata kwenye picha ambazo hakuna kitu kilichoonekana.

Jedwali linalorudi lina safu ya mwanga unaotufikia, kwa kizio kiitwacho mikrojanski, na safu ya kosa la kipimo. Kijana wa shahada ya kwanza anayetusaidia alinitumia ujumbe: "Dada, zaidi ya nusu ya namba kabla ya mlipuko ni hasi. Nizifute?"

Nilimpigia simu badala ya kuandika, kwa sababu jibu lake ndilo moyo wa mradi. Mahali pasipo na kitu, kipimo huyumba juu na chini ya sifuri. Namba hasi ni nusu ya mayumbo hayo. Ukizifuta na kubakiza chanya, wastani wako utapanda juu ya sifuri, nawe utatangaza kwamba nyota ilitapika wakati haikufanya lolote. Zibaki zote. Hazifai kugeuzwa magnitudo, maana logi ya namba hasi haipo. Tunafanya hesabu zote kwa mikrojanski, na kugeuza kunakuja mwisho kabisa: magnitudo ni 23.9 kutoa mara 2.5 ya logi ya mwanga.

Alielewa haraka. Jioni alinitumia grafu yenye vipimo vilivyofungwa kwa makundi ya siku kumi, kila kimoja kikiwa na uzito kulingana na kosa lake.

23 Februari

Leo tulitaka kujua tunaona hadi wapi.

Picha moja ya ATLAS ya sekunde 30, usiku mzuri, hufika karibu magnitudo 19.5, kwa mwangaza unaoonekana kutoka Duniani. Kwa mikrojanski ni 57.5, na kosa la kipimo kimoja ni karibu 11.5, maana tunadai mwanga uwe mara tano ya kosa ndipo tuuamini. Mtapiko kama ule wa 2004, magnitudo -14, ungeonekana kwenye picha moja hadi umbali wa karibu miaka-nuru milioni 160.

Ukijumlisha picha, kosa hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi yake. Siku kumi zenye picha nne kila usiku ni picha 40, lakini mwezi mpevu na mawingu havitakubali. Tukakubaliana kuhesabu 20. Kosa linashuka hadi 2.6, upeo unafika magnitudo 21.1, na umbali unasogea hadi miaka-nuru milioni 340 hivi.

SN 2021csp iko mbali zaidi ya hapo. Kwa umbali wake, mtapiko wa magnitudo -14 ungetufikia ukiwa magnitudo 23.9, yaani mikrojanski moja. Kuiona mikrojanski moja kwa uhakika tungehitaji picha zaidi ya 3,000 ndani ya siku kumi. Kwa hiyo kimya cha ATLAS kabla ya SN 2021csp hakisemi chochote kuhusu nyota ile. Nimeliandika hili kwa herufi kubwa juu ya faili lake, kwa sababu ni rahisi sana mtu kuandika "hakuna mtapiko ulioonekana" na msomaji akasikia "nyota haikutapika".

Uamuzi: orodha ya kutafuta mitapiko itaishia miaka-nuru milioni 300. Zilizo mbali zaidi zitabaki kwenye sehemu ya kipimo cha nikeli na saa ya ganda.

Hapa ndipo darubini ya Vera Rubin, iliyoko Cerro Pachón nchini Chile, inanipa hamu kubwa. Kioo chake ni cha mita 8.4, na picha yake moja inalengwa kufika karibu magnitudo 24.5. Mtapiko uleule ungeonekana hadi miaka-nuru bilioni 1.6 kwenye picha moja. Ukilinganisha na darubini ya ZTF ya Palomar inayofika karibu 20.5, ni umbali mara sita na kitu, na ujazo wa anga mara 250.

4 Machi

Maelezo mafupi ya spektra, maana mengi yameshafanywa na wengine. Ganda likigongwa, gesi yake ambayo bado haijafikiwa hupata mwanga na kuonesha mistari myembamba, kwa sababu inakwenda polepole kuliko vipande vya mlipuko. Mistari ya hidrojeni ikitawala tunaita IIn. Ya heli, kama SN 2006jc, ni Ibn. SN 2019hgp na SN 2021csp zilileta kundi la Icn: hakuna hidrojeni, heli ni kidogo mno au haipo, ila kaboni na oksijeni. Hizo ni nyota zilizovuliwa nguo zote, hadi tabaka zilizopikwa ndani zikabaki wazi, na gesi ya tabaka hizohizo ndiyo iliyozizunguka.

SN 2021csp ilifika karibu magnitudo -20 kwa siku kama tatu, kisha ikazama haraka kiasi kwamba nikeli iliyobaki kuonekana ilikuwa kidogo sana. Kwenye kipimo chetu cha nikeli imefeli vibaya kuliko KSN 2015K. Inang'aa mara tatu zaidi kwa muda unaokaribiana.

15 Machi

Jaribio la mfumo mzima kwa SN 2023fyq. Tuliichagua kwa sababu jibu lake linajulikana. Ni Ibn ya 2023 katika galaksi ya NGC 4388, karibu miaka-nuru milioni 60 kutoka kwetu, na imeshachapishwa kwamba nyota yake ilikuwa ikitoa mwanga hafifu, magnitudo -10 hadi -12, kwa miaka kadhaa kabla ya mlipuko. Mfumo wetu usipouona mwanga huo, hatuna haki ya kuutumia kwingine.

Tatizo lilikuwa galaksi yenyewe. Kiini chake kina shimo jeusi linalokula gesi na mwanga wake hubadilika, na kutoa picha ya zamani kutoka kwa mpya huacha mabaki. Kosa la kipimo linaloandikwa kwenye jedwali haliyajui mabaki hayo. Dawa tuliyotumia ni ya watu wa ATLAS wenyewe: chagua nukta kadhaa kwenye duara kuizunguka supanova, omba vipimo vya kila nukta kana kwamba nayo ina supanova, zipitishe kwenye mashine ileile. Nukta hizo zikipanda juu ya sifuri pamoja na supanova, basi unachokiona ni mabaki. Zikitulia na supanova ikapanda peke yake, umeona nyota.

Usiku wa leo grafu imetoka. Nukta za duara zinayumba juu na chini ya sifuri bila mwelekeo, isipokuwa moja iliyo upande wa kiini, ambayo tumeitoa. Mahali pa supanova, makundi ya siku kumi yanakaa juu ya sifuri kwa muda mrefu, kisha katika miezi ya mwisho yanaanza kupanda waziwazi kabla ya mlipuko wenyewe. Niliitazama muda mrefu. Ile ni nyota iliyo hai bado, ikijulikana kwetu kwa mikrojanski chache, na mwisho wake umeshaanza.

Mwenzangu akaandika: "Dada, imepita. Tuendelee."

Zilizobaki kabla ya mwisho wa Machi: kurudia kosa la kila kundi kwa kutumia mtawanyiko wa nukta za duara badala ya kosa la jedwali, kisha kuvuta data za Ibn na Icn zote zilizo ndani ya miaka-nuru milioni 300 tangu ATLAS ianze. Kijana wetu ameshaandika programu ya kutuma maombi kwa zamu ili seva isizidiwe. Ombi la kwanza limeingia kwenye foleni saa nne usiku huu.